Kula ndani ya nyumba za mawe: Mji Mkongwe ghorofa kwa ghorofa

Kabla hujauliza wanapika nini, uliza jiko liko ghorofa ya ngapi. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja ambazo leo ni hoteli na migahawa nyingi zina ghorofa tatu mpaka nne, hazina lifti, na meza inayogombewa na kila mtu iko juu kabisa, paani. Jiko mara nyingi liko chini, karibu na bomba la maji na mlango wa kuingizia mitungi ya gesi. Kati ya jiko na meza kuna ngazi nyembamba, vidato virefu, kila kidato na kimo chake. Samaki wa kukaanga anatoka mafutani mkavu, anafunikwa asipoe, anapandishwa, na mvuke wake mwenyewe unamlainisha ngozi kabla hajafika mezani. Mpishi hana kosa. Nyumba imemla samaki yule njiani.

Ndiyo maana tathmini nyingi za migahawa ya Mji Mkongwe hazisaidii. Mmoja ataandika "chakula kilikuja baridi", mwingine atasifu mahali pale pale, kumbe wa kwanza aliagiza chipsi na changu wa kukaanga juu ya paa saa mbili usiku, wa pili alikaa uani mchana akala biriani. Nyumba hizi zina tabia zake. Ukizijua, utakula vizuri hata pale ambapo wengine wamelalamika.

Chakula kinachopanda ngazi na kisichopanda

Kinachopanda vizuri ni kile chenye mchuzi na kile kinacholiwa baridi. Pweza wa nazi, mchuzi wa kamba, kunde za nazi, ndizi za nazi: vyote hivi vinashika moto ndani ya bakuli, na dakika tano za njiani haziwapunguzii ladha. Biriani nayo inapanda vizuri, maana masala yako chini na wali uko juu kama blanketi. Saladi ya pweza, embe mbichi kwa pilipili na achari havijali ngazi hata kidogo.

Visivyopanda ni chipsi, bajia, katlesi, samaki mzima wa kukaanga na chapati. Chapati ikifunikwa kwa karatasi ya fedha inatoa jasho upande mmoja na kukauka upande wa pili, ukifika wakati wa kuikata inavutika kama mpira. Kachumbari nayo ina mtego wake: vitunguu na nyanya vikitiwa chumvi jikoni, baada ya dakika kumi vimeshamwaga maji na kisahani kimejaa supu ya waridi. Omba ndimu na chumvi viletwe pembeni, utie mwenyewe.

Mishkaki na samaki wa kuchoma hutegemea kitu kimoja tu: je, kuna sigiri juu? Baadhi ya mapaa yana kona ya kuchomea yenye makaa, upande unaopeleka moshi nje ya wageni. Ukiiona, agiza cha kuchoma bila wasiwasi. Usipoiona, kilichochomwa kimechomwa chini, na pweza wa kuchoma akipoa anakaza. Uliza tu, hakuna anayeona vibaya: "Shekhe, mnachomea juu au chini?" Atakujibu kweli, maana yeye ndiye anayebeba.

Kuhusu pweza mwenyewe, neno moja zaidi, kwa sababu ndiye anayeagizwa kuliko wote na ndiye anayeharibiwa kuliko wote. Unguja pweza hutafutwa kwa miguu mwambani maji yakitoka mbali, yaani siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku za maji mafu mwamba haukauki vya kutosha, kwa hiyo pweza wa siku hizo ana uwezekano mkubwa wa kuwa ametoka barafuni. Kwa samaki hiyo ingekuwa habari mbaya. Kwa pweza si aibu: kugandishwa kunavunja nyuzi za nyama, kazi ile ile inayofanywa na mvuvi anapompiga pweza juu ya jiwe. Mhudumu akikwambia kwa ukweli kwamba pweza ni wa barafu, usimkimbie.

Angalia badala yake jinsi alivyopikwa. Pweza huchemshwa kwa maji yake mwenyewe, bila chumvi, moto mdogo, mpaka uma unapita bila kusukumwa. Kwa mkubwa hiyo ni saa nzima au zaidi. Ndipo hutiwa tui jepesi pamoja na vitunguu, kitunguu saumu, bizari na nyanya kidogo, na tui zito huja mwisho kabisa, likikorogwa bila kuachwa lichemke kwa nguvu. Mgahawa wenye haraka hupika asubuhi na kupasha moto usiku, tena kwa jiko dogo la gesi lililowekwa juu ili kukwepa ngazi. Hapo tui hukatika. Utaona mafuta yameelea pembeni mwa bakuli na chembe nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Haitakuumiza tumbo, lakini umelipia mchuzi wa leo ukapewa wa asubuhi.

Kwa nini chumba ni chembamba

Anayeingia mara ya kwanza huona vyumba virefu vyembamba na kudhani mwenye mgahawa amebana nafasi ili apange meza nyingi. La. Chumba kinapimwa na boriti. Dari za nyumba hizi zimebebwa na nguzo za mikoko zilizolazwa ukuta hadi ukuta, na boriti nzuri ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda. Kwa hiyo fundi wa karne ya 19 alijenga chumba chenye upana wa boriti, na urefu kadiri alivyotaka. Kuta ni za mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, nene nusu mita na zaidi.

Kwa mlaji hii ina maana mbili. Kwanza, kwenye chumba cha upana wa mita tatu ukiweka meza ya watu wanne katikati, mhudumu hana njia. Meza nzuri ni ya wawili iliyosogezwa ukutani, chini ya kidaka (kishimo cha rafu ukutani), au ile ya mwisho kabisa kando ya dirisha linaloelekea kichochoroni. Mkiwa sita au nane, msikubali kuunganishiwa meza ndani ya chumba cha namna hii. Wa katikati hawatoki mpaka wa pembeni wainuke. Ombeni uani au paani. Pili, ukuta mnene unahifadhi ubaridi. Mchana wa Februari, jua likiwa kali, chumba cha ghorofa ya kwanza chenye madirisha pande mbili kina raha kuliko paa lolote lenye mwavuli.

Chokaa ndicho kipimo cha utunzaji. Ukuta wa tumbawe unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia chokaa, unapumua. Mwenye nyumba akiupaka saruji kwa kudhani anauimarisha, unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, na baada ya misimu miwili ya mvua plasta inabambuka vipande vipande. Kwenye mgahawa utaijua kwa harufu ya chumba kilichofungwa, unga mweupe wa chumvi usawa wa kiti, na picha au kitambaa cha mapambo kilichotundikwa chini mno kuliko inavyotakiwa. Usikae kwa kuegemea ukuta huo na shati jeusi.

Sakafu ikitikisika kidogo mtu akipita, usiogope; boriti zina mnepo. Kinachostahili kukuhamisha meza ni ufa wa mshazari unaotoka kona ya mlango au dirisha, au dari iliyoshuka katikati. Na paani tazama matangi ya maji: tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, na nyumba hizi hazikujengwa kubeba matangi manne kona moja. Haya si maneno ya kutishana. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka sehemu ya mbele tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Mgahawa unaoweka kikomo cha watu wa paani na kukwambia "pamejaa" hata unapoona viti vitupu unafanya jambo la akili.

Paa: saa, upepo, adhana

Jua la Unguja halina mchezo wa misimu mikubwa. Mwaka mzima linatua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo. Kwa paa lenye sifa, fika saa kumi na moja na nusu. Ukifika saa kumi na mbili kamili utapewa kiti kinachotazama tangi.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi: paa hilo linaona nini? Mtaa wa Shangani ndio unaotazama magharibi kwenye bahari, kwa hiyo jua likizama majini unaliona kutoka pale. Hurumzi na Kiponda ziko ndani ya mji. Huko unaona bahari ya mabati, minara ya misikiti, minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, na kamba za nguo. Binafsi ni mandhari bora zaidi, lakini aliyeahidiwa jua juu ya maji atajiona amedanganywa.

Upepo wa kusi, kuanzia Aprili hivi, unapuliza kwa nguvu kuliko kaskazi wa Desemba hadi Machi. Wakati wa kusi mshumaa hauwaki, karatasi ya menyu inaruka na supu inapoa kabla ya kijiko cha tatu. Omba meza nyuma ya ukuta wa ukingo upande wa kusini. Masika, Machi mwishoni hadi Mei, baadhi ya mapaa hufungwa kabisa, na yale yanayobaki wazi huhamishia wageni chini mvua ikianza. Piga simu mchana, usiende kwa kubahatisha.

Wakati wa sala ya magharibi adhana inatoka pande zote kwa pamoja, kwa kupishana sekunde chache. Muziki unazimwa, na mhudumu wako anaweza kutoweka kwa robo saa. Agiza kinywaji kabla, chakula baada. Wanaoagiza chakula saa kumi na mbili na dakika kumi hungoja bila kujua kwa nini.

Nyumba kwa nyumba

Hurumzi ndipo mahali pa kuanzia. Hoteli ya Emerson on Hurumzi ipo ndani ya nyumba ya Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi aliyesimamia forodha enzi za Barghash, na paa lake ni miongoni mwa yaliyo juu kabisa Mji Mkongwe. Kule juu unavua viatu na kukaa chini juu ya mito na mazulia, Kiswahili kabisa, na baadhi ya usiku kuna taarab. Hapa ushauri ni wa magoti. Mwenye maumivu ya mgongo au goti, mama mjamzito, na mzee anayehitaji kiti asipandishwe. Ngazi ni nyingi na kukaa chini saa mbili si mchezo. Vaa suruali au nguo pana. Jirani yake kuna Secret Garden, mgahawa uliowekwa ndani ya gofu la nyumba ya zamani lisilo na paa, na kwa maoni yetu hilo ndilo jibu sahihi zaidi kwa swali la kula ndani ya jumba kongwe: kuta zipo, miti imeota ndani, meza ziko chini, na chakula hakipandi popote. Kikundi cha watu wanane kiende huko. Kipindi cha mvua ndipo penye taabu.

Emerson Spice, Kiponda, ni ndugu ya Emerson on Hurumzi. Zote zinatokana na Emerson Skeens, Mmarekani aliyehamia Unguja na kufariki mwaka 2014. Paani kuna menyu moja iliyopangwa, vyakula vidogo vidogo vinavyofuatana, vya baharini na viungo, na kila anayekaa anakula hicho hicho. Mpango huu ni wa busara kwa nyumba ya ngazi: jiko linajua idadi ya wageni, linapanga sahani kwa awamu, na hakuna anayeagiza chipsi. Lakini lazima uweke nafasi mapema, na lazima useme wakati huo huo kama huli kamba, pweza au njugu. Ukisema ukiwa umeshakaa, kitakachobaki cha kubadilishwa ni kidogo. Mwenye njaa ya wali sinia asiende; ataona sahani ndogo, maelezo marefu.

Africa House, Shangani, ni habari nyingine. Ilianza 1888 kama klabu ya Waingereza, na kivutio chake hadi leo ni ile roshani pana inayotazama machweo. Ukipenda bia baridi na jua linalozama majini, hapa ndipo baa ya kihistoria ya Unguja ilipo. Kiti cha mbele kinajaa saa kumi na moja. Kaa kwa kinywaji na vitafunio, jua likishazama shuka ukale kwingine. Hilo si dharau kwa jiko lao. Roshani ya machweo kokote duniani huagizwa na watu mia kwa dakika arobaini, na hakuna jiko linalopenda kuagizwa hivyo.

Mambo Msiige, pale pale Shangani ufukweni, leo ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt iliyofunguliwa 2015. Jina lenyewe ni maneno ya mjenzi: tazameni, msiige. Ujenzi wa jengo jipya ubavuni mwake ulizua mvutano na Kamati ya Urithi wa Dunia, maana Mji Mkongwe umeorodheshwa na Unesco tangu 2000. Kwa mlaji, faida ni kwamba kuna lifti upande mpya, jiko kubwa, na meza usawa wa bahari. Hasara ni bei. Ukiwa na bibi mwenye fimbo na pesa ipo, mpeleke huku. Serena, iliyotokana na jengo la zamani la simu na jirani yake, nayo ina meza za chini kando ya bahari. Tembo House iliwahi kuwa ubalozi mdogo wa Marekani. Iko ufukweni, haiuzi pombe, na familia nyingi za wenyeji huipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa kahawa, Zanzibar Coffee House, Mkunazini, nyumba ya mwaka 1885 iliyokuwa ya waziri wa Barghash. Kahawa yao inatoka Utengule, Mbeya. Kaa chini asubuhi, au panda paani na kikombe. Kikombe cha kahawa kinapanda ngazi bila malalamiko.

Na ukitaka wali hasa, achana na mapaa. Lukmaan, Mkunazini, karibu na mbuyu, unaingia, unaona vyakula kwenye sufuria, unaonyesha kwa kidole. Passing Show, Malindi, ni ya biriani na pilau mchana. Hakuna pombe, hakuna mishumaa, hakuna anayekuimbia. Nenda kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana, wakati sufuria imefunguliwa sasa hivi. Biriani njema utaitambua kwa punje zinazoachana, rangi isiyo sawa (nyeupe, njano, na nyingine iliyogusa zafarani), na masala mazito yenye kitunguu kilichokaangwa hadi hudhurungi, ladha ya mtindi ikiwa ya ukali mdogo. Wali ukishikana madonge umekaa mno. Baada ya saa tisa utapewa kilichobaki, na kilichobaki cha biriani ni mifupa. Ijumaa wakati wa sala kila kitu kinasimama. Fika kabla au baada.

Forodhani si nyumba, ila iko mbele ya nyumba zote hizi, baina ya Ngome Kongwe na bahari, na bustani yenyewe ilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2009. Usiku kunakuwa na meza za vyakula. Mishikaki ya kambakochi na samaki iliyopangwa kwa uzuri imekaa hapo tangu jioni na huwa imeshapikwa nusu. Ukichagua inapashwa tu. Agiza kinachopikwa mbele yako kuanzia kibichi: ile inayoitwa pizza ya Kizanzibari, unga ukitandazwa, nyama na yai vikikunjwa ndani, dakika nne au tano kwenye sahani ya chuma, au urojo, ambao ukali wa embe na ukwaju utakwambia mwenyewe kama ni wa leo. Juisi ya miwa iagize bila barafu. Bei ya cha baharini ikubaliwe kabla hakijawekwa motoni, kwa kipande, si kwa "utalipa baadaye kaka".

Umeme, barafu na bili

Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa kawaida, baada ya waya unaotoka bara kuharibika. Tangu hapo kila mgahawa wa maana una jenereta, na ukisikia mngurumo wake nyuma ya nyumba usiukasirikie. Unalinda samaki wako. Pasipo na jenereta, umeme ukikatika saa nne mfululizo, agiza kuku au mboga, usiagize kamba. Swali la kawaida la mjini, "Leo mmepata nini sokoni?", linatosha. Akitaja aina moja au mbili tu, jodari na changu kwa mfano, ujue amekwenda sokoni Darajani asubuhi. Akitaja saba, nne ziko barafuni.

Mwezi wa Ramadhani mchana kula hadharani hakuruhusiwi. Hoteli huwahudumia wageni ndani, nyuma ya pazia. Mapaa na baa hufunguliwa baada ya futari, zingine hazifunguliwi mwezi mzima. Lakini futari yenyewe, uji, tambi, mihogo ya nazi na kaimati, ni sababu tosha ya kuja mwezi huo, na majiko ya Mji Mkongwe hupika kwa moyo zaidi wakati huo kuliko wakati wa watalii. Februari, wakati wa Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe, meza za karibu na Forodhani hazipatikani bila kuweka nafasi. Wakati huo huduma hushuka kila mahali, bila ubaguzi.

Kuhusu bili, uliza jambo moja kabla ya kuagiza: bei ina kodi na huduma ndani yake, au vinaongezwa chini? Kadi hukataa mtandao ukisumbua, nayo mashine ya kadi mara nyingi iko mapokezi chini. Usiombe bili ukiwa na haraka ya boti.

Msalani pia ni chini, au ghorofa moja kabla ya paa, nyuma ya mlango mfupi wa mbao. Inama.

Mkimaliza, shukeni polepole. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda: taa ni hafifu, vidato vimelika katikati na vina kimo tofauti, na kamba iliyofungwa ukutani ndiyo ya kushikilia, si mapambo. Washa taa ya simu, tembea upande wa ukuta, na ukisikia vyombo vinagongana chini yako simama kando kwenye kizingiti cha mlango. Huyo ni mhudumu anapanda na sinia la watu sita, na miguu yake haioni.